Milima ya Mvua ya Mawe: Jawabu kwa Kijana Wetu wa Roret

 

Imetufikia barua kutoka Roret, katika nchi ya michai ya Kericho, iliyoandikwa na kijana wetu mmoja wa hapa pwani ambaye kazi ya ualimu imempeleka huko. Wengi katika wasomaji wetu hawajapata kulisikia jina la mahali hapo, wala si aibu, kwani hata sisi tulilazimika kufungua ramani. Ni soko dogo upande wa Bureti, katika nchi ya Wakipsigis, nalo limezungukwa na mashamba ya michai ya wenyeji. Na baridi yake ya alfajiri, asema kijana, yataka moyo kuitilia udhu. Waislamu wa hapo ni wachache, na siku ya Ijumaa yeye hupanda gari akaenda kusali Kericho mjini.

Barua hiyo tumeisoma darsani mara mbili, na baada ya kushauriana tumeona kwamba jawabu lake halifai kupelekwa kwa siri. Swali lililomo ndani yake limo vifuani mwa vijana wengi wa Mombasa, Lamu na Unguja, ila hawathubutu kulitamka.

Mambo yalikuwa hivi. Alasiri moja kijana wetu alikuwa barazani mwa kituo cha kununulia majani ya chai, pamoja na mwalimu mwenziwe ambaye ni mwenyeji wa huko, mara ikashuka mvua ya mawe. Sisi watu wa pwani jambo hili twalisikia tu. Huko kwao si geni. Nchi ya Kericho na milima ya Nandi hutajwa na wataalamu wa hali ya hewa miongoni mwa sehemu za ulimwengu zinyeshewazo mno na mvua ya namna hiyo. Kijana wetu akaona mawe ya barafu yakirukaruka juu ya mabati na kulala meupe juu ya nyasi, na majani ya michai yakipasuka, na wakulima wakitazama kimya, maana majani hayo ndiyo ada za shule za watoto wao. Hapo akaikumbuka aya ya 43 ya Suratin-Nuur, isemayo kwamba Mwenyezi Mungu huyasukuma mawingu, kisha huyakusanya, kisha huyarundika, na kwamba huteremsha kutoka juu, katika milima iliyomo humo, mvua ya mawe, akampiga nayo amtakaye na kumwepusha nayo amtakaye. Akamweleza mwenziwe kwa furaha, kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Mwenziwe akamwuliza: “Milima hiyo iko wapi?”

Yafaa msomaji ajue kwamba mwulizaji huyo hakuwa mtu wa kejeli. Yeye alilelewa kanisani, akafundishwa tangu utoto kwamba kila neno la Biblia ni la kweli kwa herufi yake. Na katika Kitabu cha Ayubu, sura ya 38, mna habari za ghala za theluji na za mvua ya mawe. Alipofika sekondari akafundishwa jinsi mvua hiyo inavyofanyika, akaenda kumwuliza mwalimu wake wa dini habari za ghala hizo, akaambiwa achague baina ya kitabu cha Mungu na kitabu cha shule. Akachagua. Basi akamwambia kijana wetu: “Nanyi mna ghala zenu, ila mmeziita milima. Ndege hupita huko kila siku, wala hatujasikia iliyogonga mlima wa barafu. Na ukiniambia kwamba milima hiyo ni mfano, nitakuuliza ni nani aliyekuhakikishia kuwa Pepo yako nayo si mfano.”

Kijana wetu hakuwa na la kujibu. Aliporudi pwani kwa likizo alimwendea mmoja wa watu wa elimu, akamweleza. Naye akamwamuru avute uradi wa istighfari na asiandamane tena na mtu yule. Anatuandikia kwamba tangu siku hiyo, akiifikia aya hiyo katika kusoma kwake, huipita haraka haraka.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotuuma. Mtu anayeisoma aya haraka ili asiifikirie amekwisha kuanza kuondoka, ingawa mwenyewe hajui na ingawa sala zake ni tano kila siku.

Tuanze na milima. Ndugu yetu wa Roret, na wewe msomaji uliye pamoja nasi, jambo hili halikuzuliwa jana ili kuwaridhisha wenye vitabu vya shule. Imam Zamakhshari, aliyefariki mwaka 538 wa Hijra (1144), ameeleza katika tafsiri yake njia mbili za kuifahamu aya hii. Ya kwanza ni kwamba Mwenyezi Mungu ameumba juu huko milima ya barafu kama alivyoumba katika ardhi milima ya mawe. Ya pili ni kwamba neno milima limekusudiwa wingi, kama Mwarabu asemavyo kwamba fulani amiliki milima ya dhahabu. Ibn Kathir naye, aliyefariki mwaka 774 (1373), amezitaja kauli mbili: ya wale waliosema ni milima khasa, na ya wale waliosema ni kinaya ya mawingu. Na neno samaa, ambalo sisi twalitafsiri mbingu, katika lugha ya Kiarabu ni kila kilicho juu yako, hata dari ya nyumba. Nasi Waswahili twasema fulani ni bahari ya elimu, wala hajapata kutokea mtu akaenda kwake na ngalawa.

Basi tazama miaka. Zamakhshari hakupata kuona ndege wala kitabu cha shule, wala hakuwa na mtu wa kumkimbia. Alikuwa akiipima ibara kwa mizani ya lugha ambayo kwayo iliteremshwa. Wanavyuoni wa nahau wamejadiliana kurasa kwa kurasa juu ya neno “min” lililokuja mara tatu katika kipande hicho kifupi cha aya, kila moja lina kazi gani. Na maana ya milima yageuka kwa kadiri unavyoliweka kila moja mahali pake. Anayesema kwamba aya ina maana moja tu iliyo wazi kwa kila mtu, na kwamba anayeuliza ni mwasi, huyo anawatukana maimamu hawa bila kujua.

Tena kuna aya ya 86 ya Suratil-Kahf, ambayo tunajua itafuata, kwani wenye kujadiliana hawaiachi. Humo imesimuliwa kwamba Dhulkarnaini alilikuta jua likitua katika chemchemi yenye tope jeusi. Imam Fakhrud-Din Razi, aliyefariki mwaka 606 (1210), alisema waziwazi kwamba jua ni kubwa kuliko ardhi mara nyingi, basi litaingiaje katika chemchemi ya ardhini? Aya, kwa maelezo yake, yaeleza alivyoliona mwenye kuangalia. Kaa Forodhani pale Unguja jioni, utaliona jua likizama baharini. Na ukimwambia mkeo kwamba jua limezama, hatakuita mwongo.

Lakini hapa yatupasa tuseme kweli, kwani jawabu lenye kuficha halimfai kijana aliye peke yake Roret. Katika aya ya milima ushahidi ulitoka katika lugha. Katika aya ya chemchemi Razi aliutumia pia ujuzi wa nyota wa zama zake. Basi mwenzio akikwambia kwamba elimu inapoongezeka nanyi mwarudi nyuma hatua moja, usimjibu kuwa hasemi neno. Analo neno. Na swali lake lile la Pepo ndilo zito kuliko la milima, nalo lataka kutuliwa.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 (1111), alilikabili swali hili hili, akaandika risala nzima kuhusu nani wa kuitwa kafiri na nani asiitwe. Kanuni yake kwa ufupi ni kwamba tamko hubaki katika dhahiri yake mpaka isimame hoja ya kukata kwamba dhahiri hiyo ni muhali. Na mwenye kuliondoa pasina hoja, kwa kuwa tu moyo wake hauipendi dhahiri, ameichezea dini. Basi mlima wa barafu ulio juu ni kitu cha kuonekana, na cha kuonekana hupimwa kwa macho. Tumeangalia, hatukuuona, na lugha imeturuhusu kusema ni mawingu. Kufufuliwa ni jambo jingine. Hakuna aliyepima akathibitisha kwamba Aliyeumba mara ya kwanza hawezi kuumba mara ya pili. Wala halikutajwa kwa neno moja lenye maana mbili. Limerudiwa katika Qurani nzima, likajengewa hoja, likakanushwa na watu wa Makka wakajibiwa. Kama lingekuwa mfano tu, wale makureshi wangekuwa wakibishana na nini?

Hatudai kwamba maneno haya yatamrejesha yule mwalimu katika imani. Kutokuwapo hoja ya kulikataza jambo si sawa na kuwapo hoja ya kulithibitisha, naye kwa akili yake ataliona hilo mara moja. Sisi twaamini ya ghaibu kwa kumsadiki aliyetuletea habari, na kusadiki huko kuna misingi yake ambayo si mahali pake hapa. Tunachokidai ni kidogo kuliko hicho: kwamba mlango wa maana una kizingiti chake, na kwamba anayeingia kwa mlango mmoja hajavunja nyumba yote.

Sasa tuwageukie ndugu zetu wa upande wa pili. Siku hizi kuna watu ambao wangemjibu mwalimu yule kwa kumwonyesha picha za mawingu ya mvua ya mawe, yaliyoinuka zaidi ya kilomita kumi kama milima kweli, na wakamwambia: “Umeona? Haya wazungu wameyajua jana, nasi tunayo miaka elfu na mia nne.” Njia hii ilipata nguvu baada ya tabibu wa Kifaransa, Maurice Bucaille, kuchapisha kitabu chake mwaka 1976, na wahubiri wetu wengi wameishika. Ina utamu wake. Hata sisi tulipokuwa vijana tuliionja. Lakini Imam Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 790 (1388), alikwisha kuikataa namna hii kabla ya hao, akasema kwamba Qurani iliteremka kwa watu wasiosoma, ikasemeshana nao kwa wanayoyafahamu, basi haifai kuibebesha elimu za watu wa baadaye. Na tazama hatari yake. Ukiifunga aya na elimu ya leo, kesho elimu hiyo ikirekebishwa utaifungua vipi?

Hata mvua hii ya Kericho, wataalamu hawajaacha kuichunguza. Walisema kwamba hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda kwenye nyanda za juu wakati wa mchana, ikainuka kwa nguvu mpaka matone yakaganda, yakavikwa barafu tabaka juu ya tabaka, kisha yakaanguka kwa uzito wake. Katika miaka ya 1960 kulifanywa majaribio ya kurusha makombora katika mawingu, kisha ya kunyunyiza dawa kwa ndege, ili kuiokoa michai. Mwaka 1982 ikachapishwa habari nyingine, kwamba vumbi la majani makavu ya michai yenyewe huweza kuwa chembe ambazo barafu huanza kugandia. Ajabu iliyoje: pengine mchai wajipigisha wenyewe! Je, tuitafute aya ya vumbi la chai? Wako watakaoipata, tunaogopa.

Ghazali, tena, alisema kwamba mwenye kuitetea dini kwa njia isiyokuwa yake huidhuru kuliko anayeipinga. Na mfano wake ulikuwa ni watu waliobishana na wanajimu juu ya kupatwa kwa jua, hali ya kuwa hesabu zao zilikuwa sahihi. Na mbele yake tuna mfano bora zaidi. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume wetu, jua lilipatwa siku hiyo, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba wake. Lau angenyamaza tu, ingekuwa muujiza mkubwa midomoni mwa watu mpaka leo. Akasimama akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara katika ishara za Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Mtu aliyefiwa na mwanawe siku hiyo hiyo!

Kijana wetu ametuuliza jambo jingine, ambalo kwa hakika limetushughulisha zaidi. Katika mvua ile shamba la mjane mmoja liliharibika lote, na la jirani yake, lililotengwa nalo kwa njia ya miguu tu, halikuguswa. Michai iliyopigwa hukaa majuma isichumwe, na anayelipwa kwa kilo hana mshahara katika majuma hayo. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mjane yule ana jambo, na Mungu amemwonyesha. Wakristo walitaja mapigo ya Misri. Na Mwislamu mmoja, anatuandikia kwa huzuni, alitaja aya yetu, kwamba Mungu humpiga nayo amtakaye.

Rudini katika aya, enyi ndugu. Imesema amtakaye. Haikusema amwadhibuye, wala haikutaja dhambi. Hao walioshika herufi wameongeza neno ambalo halimo, kisha wakalihukumu nalo shamba la mjane. Hili ndilo tulionalo kila siku kwa wanaojisifu kwamba wao hufuata dhahiri tupu: dhahiri huifuata mpaka mahali wanapopataka, na baada ya hapo hutia lao. Kanuni ya Ghazali yawahusu na hao pia, kwani kuzidisha juu ya tamko ni sawa na kulipunguza.

Na kama mtu anadhani haya ni maneno ya darsani tu, na aelekee Shakahola, karibu nasi, katika kaunti ya Kilifi. Mwaka 2023 yalianza kufukuliwa makaburi katika msitu ule, na miili iliyotolewa ilizidi 400, wengi wakiwa watoto. Watu waliofunga mpaka kufa kwa kuitakidi kwamba kwa njia hiyo watakutana na Yesu. Mhubiri aliyeshitakiwa alikana mashtaka mbele ya mahakama. Tusijipumbaze kwa kusema hayo ni ya wenzetu. Tarehe 2 Aprili 2015 katika chuo kikuu cha Garissa waliuawa watu 148, na waliowaua walikuwa na aya midomoni. Tumefikiri sana ni kitu gani kinachokusanya mambo mawili haya. Si herufi peke yake, kwani hakuna herufi katika Injili iamuruyo kuwanyima watoto chakula, wala katika Qurani iruhusuyo kuwaua wanafunzi vitandani mwao. Ni kwamba katika kila jamaa ya namna hiyo alikuwako mtu mmoja mwenye ufunguo wa maana, na wengine wote waliharamishiwa kuuliza. Kwa sababu hii tumeumia kusikia kwamba kijana wetu alikwenda kwa mtu wa elimu na swali akarudi na uradi. Twamheshimu mzee huyo, na nia yake bila shaka ilikuwa njema. Lakini alichofanya ndicho alichofanyiwa mwalimu yule kanisani, na matunda yake tumeyaona.

Ilivyo ni kwamba ugomvi huu ni wa kila dini yenye kitabu. Askofu Frank Weston wa Unguja alichapisha mwaka 1913 barua kali akiwashutumu wanavyuoni wa kanisa lake huko Uingereza kwa waliyoyaandika juu ya Biblia na itikadi. Na kwetu, Makadiani walipotoa tafsiri yao ya Kiswahili mwaka 1953, ambayo kwa mujibu wake Nabii Isa alikufa kama wafavyo watu, Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliwajibu kwa kitabu, kisha mwaka 1969 ikatoka tafsiri yake mwenyewe kamili. Hakuwajibu kwa kuwaambia watu wasiisome ile. Aliandika.

Neno la mwisho kwa kijana wetu, juu ya wenyeji wake. Katika barua umesema kwa kupita tu kwamba Wakipsigis zamani “waliabudu jua”. Angalia, ndugu yetu. Mungu kwao huitwa Asis, na jua huitwa asista, na Mwingereza A. C. Hollis, alipochapisha kitabu chake juu ya Wanandi, jamaa zao, mwaka 1909, aliandika kwamba Mungu wao mkuu ni jua. Umewauliza wazee wa Roret walikusudia nini walipokuwa wakielekea mashariki asubuhi? Nasi twaelekea nyumba ya mawe Makka, na mahujaji hulibusu jiwe, na laiti mgeni angeandika juu yetu kwa yale anayoyaona tu, tungepiga kelele. Waulize, kisha utuandikie.

Limebaki swali lake la fikihi, aliloliandika pembeni mwa karatasi: je, mvua ya mawe ikinyesha wakati wa adhuhuri aweza kuikusanya na alasiri? Katika madhehebu yetu ya Shafii mvua ni udhuru wa kukusanya kwa kutanguliza, na barafu ikiyeyuka hukumu yake ni ya mvua. Lakini hiyo ni ruhusa ya wanaosali jamaa mahali pa sala palipo mbali na nyumba zao, wakipata tabu ya mvua njiani, na mvua yenyewe iwepo mwanzoni mwa sala zote mbili na katika kutoa salamu ya kwanza. Yeye anayesali peke yake chumbani mwake Roret, na asali kila sala kwa wakati wake.